Usiku niliposikia korona Leipzig

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea makoti. Kuanzia saa mbili usiku mpaka watakapochoka wenyewe, malipo mkononi. Mtanzania mwenzangu aliyenitafutia nafasi hiyo alinipa onyo moja tu: "Mdogo wangu, usiwaogope. Hawa watu kutisha kwao ni nguo."

Ilikuwa Jumamosi ya Pentekoste, Mei 26, 2012. Nilikuwa na miezi minane tu Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na hakuna aliyenidokeza kwamba kila Pentekoste, tangu 1992, mji ule huvamiwa na watu waliovaa nyeusi, karibu 20,000, wanaokuja kusikiliza muziki wa giza kwa siku nne. Tamasha linaitwa Wave-Gotik-Treffen. Mchana ule kwenye tramu namba 11 nilisimama karibu na baba mmoja mtu mzima aliyevaa barakoa ya gesi, ile ya vitani, yenye mdomo kama pua ya nguruwe. Mkononi ana mfuko wa dukani: mkate, maziwa, karatasi za chooni. Akapanda bibi kizee na mkongojo wake. Barakoa ikanyanyuka kumpisha. Bibi akakaa, akashukuru, akageukia dirishani kama vile aliyempisha ni mjukuu wake.

Ukumbi wetu ulikuwa Plagwitz, magharibi mwa mji, mtaa wa matofali mekundu ambao zamani ulikuwa wa viwanda vitupu. Jirani tu kuna kiwanda kikubwa cha kusokota pamba kilichoanzishwa mwaka 1884. Enzi za ukoloni kiwanda hicho kilikuwa na mashamba yake ya pamba huku kwetu, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Siku hizi wamo wachoraji na majumba yao ya sanaa. Hilo nilikuwa nalijua, lakini usiku ule sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Nilikuwa na makoti. Ya ngozi, yana minyororo, yana bizimu kubwa kama sahani za chai. Henga mbili zilikatika kabla ya saa tatu. Moja ya makoti yale nililipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Saa nne msimamizi akaniambia makoti yameingia yote, kama nataka naweza kwenda kusimama nyuma ya ukumbi, kuna filamu kwanza halafu bendi.

Sasa mimi sinema niliijulia kibanda umiza. Korogwe, benchi za mbao, joto, jenereta inanguruma nje, na jamaa mwenye kipaza sauti anatutafsiria kila kinachotokea, na kisichotokea pia. Mchina akifungua mdomo, jamaa anakwambia deni analodaiwa, nani kamchukulia mke, na kwamba ana mjomba Muheza. Hatukuwahi kuogopa filamu yoyote, maana tulikuwa na mtu wa kutueleza. Leipzig hakuna aliyeeleza kitu. Taa zilizimwa, watu wakanyamaza kama wako kanisani, ikaanza filamu ya Kijapani ya mwaka 1989, nyeusi na nyeupe, Tetsuo, ya Shinya Tsukamoto. Dakika 67 tu. Nadhani mimi niliona 15.

Mwanzoni kabisa mtu anajipasua paja na kujisokomeza chuma. Hapo nikasema haya, uzungu huu, au ujapani. Nikavumilia. Kilichonishinda ni kitu kidogo zaidi, wala hakina damu ya kutisha. Mfanyakazi wa ofisini, kijana nadhifu, anajinyoa mbele ya kioo. Anapapasa shavu. Kuna kitu kimechomoza pale, kama mwiba, ila ni chuma. Anakigusa kwa kidole.

Watu wa mbele yangu wakacheka kwa raha, kama wanaosubiri kwa hamu kinachokuja. Mimi nilikuwa nimemwona baba.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, mkoani Tanga, shamba sitalitaja. Kazi yake ilikuwa korona. Naisema korona ya mkonge, siyo ule ugonjwa. Watu wa Tanga walilichoka neno hilo miaka mingi kabla dunia haijalisikia. Korona ni ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Majani yanaingia mabichi, mazito, yanachuruzika. Katika kila kilo 100 zinazoingia, singa ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji ya kijani yanayowasha ngozi na makapi yanayonuka uchachu kijiji kizima. Mkonge wenyewe uliletwa Tanga na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893: aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Na korona yetu nayo ilikuwa ya Kijerumani, ya kampuni ya Krupp. Ubavuni ilikuwa na herufi za chuma zilizojitokeza, nami nilizisoma kwa kupapasa kabla sijajua kusoma vizuri: M, A, G, D, E, B, U, R, G. Sikujua ni mji. Nilidhani ni jina la mashine, kama ng'ombe anavyopewa jina. Kumbe ni mwendo wa saa moja na kitu kwa treni kutoka pale nilipokuwa nimesimama na fulana yangu ya kazi.

Siku moja, mimi nikiwa darasa la tatu, kisu cha korona kilivunjika mashine ikiwa kwenye mwendo. Kipande kikamwingia baba kwenye taya, chini kidogo ya sikio la kushoto. Zahanati ya shamba walitoa kikubwa, wakaacha kidogo, wakasema kitatoka chenyewe. Akapewa siku tatu za kupumzika na chupa ya spiriti. Hakikutoka. Kikabaki pale kama punje ya mtama chini ya ngozi, na kila alipojinyoa, mbele ya kipande cha kioo alichokichomeka kwenye dirisha, wembe ukifika pale aliuinua, akapapasa kwa kidole, akauruka.

Sisi watoto tulilifanya jambo la kuchekesha. Tulitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, tukawa tunambandika baba shavuni akiwa amejilaza kwenye mkeka. Haikushika. Lakini yeye alifumba macho akasema, "Inavuta. Inavuta, msiondoe."

Nikatoka ukumbini. Nilirudi kwenye makoti, nikasimama katikati yake, kichwa nimekiweka kwenye ngozi ya mtu nisiyemjua. Sijui muda gani. Nikasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kama niko salama. Nikageuka: uso mweupe wa chokaa, midomo myeusi, nywele zimesimama kama jogoo, glavu za lesi. Umri wa mama yangu mdogo hivi. Nikamwambia niko salama. Hakuniamini. Alichukua begi lake kaunta, akatoa chupa ya chai ya mnanaa, akanimiminia kwenye kifuniko, akaketi juu ya sanduku, lesi na yote.

Kwa kuwa sikuwa na maneno, akajaza yeye. Alinieleza nasaba ya muziki ule kama shangazi anavyoeleza ukoo msibani, nani kamzaa nani. Kwamba jina la muziki ule, indastria, yaani wa viwandani, lilianzia London, kundi la Throbbing Gristle, lililofungua kampuni yake ya kurekodi mwaka 1976 na kuiita hivyo makusudi. Kwamba 1980 Berlin Magharibi walitokea vijana, Einstürzende Neubauten, wasio na pesa ya vyombo, wakapiga mabati na drili. Kisha Wabelgiji wakatia mdundo wa kuchezeka. Kisha Skinny Puppy, Vancouver, wakawa wanachota sauti kutoka filamu za kutisha na kuzichomeka ndani ya nyimbo, ndiyo maana, akasema, muziki huu na filamu zile ni watoto wa tumbo moja. Akaniuliza kwetu kuna muziki wa namna hii. Nikamjibu hapana. Leo ningemjibu vingine, maana mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Duma, walitoa albamu kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukiisikiliza utatafuta ukuta wa kushika.

Sikumwambia habari za baba. Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia nyanya.

Bendi ilianza kama saa sita. Watu wawili na meza ya mitambo, na pipa la chuma lililotundikwa kwa mnyororo. Nilikuwa nimeamua kutokwenda. Lakini sauti ilikuja yenyewe, kupitia sakafu kwanza, makoti yakaanza kutikisa bizimu zake taratibu, chi, chi, chi. Halafu ikapanda. Na hapo nikaacha kila kitu nikaenda.

Korona ikizunguka tupu huimba juu, sauti nyembamba, kama mbu mkubwa wa chuma. Ukiilisha majani inashuka, inaguna, inakohoa, halafu inapanda tena. Tulikuwa tunalala nayo. Zamu ya usiku ikisimama ghafla, kijiji kizima kiliamka, maana ukimya ndio uliokuwa habari. Sasa watu wale wawili, wasiowahi kuona hata jani moja la mkonge, walikuwa wanafanya hivyo hivyo: inapanda, inalishwa, inaguna. Mbele yangu mamia ya watu weusi ti kwa mavazi wanakanyaga sakafu kwa mabuti, kila mtu peke yake, hakuna anayemgusa mwenziwe. Nami nikakanyaga. Nilikanyaga mpaka fulana ikalowa, na kama ningekuwa na jamaa wa kibanda umiza pembeni, sijui angewaelezaje watu kilichokuwa kikinitoka machoni.

Niliurekodi wimbo mmoja kwa simu.

Kesho yake alasiri nilinunua kadi ya kupigia nyumbani. Akapokea mama, tukasalimiana, akauliza kama nimekula, kama nimekwenda kanisani. Nikasema ampe baba, sikio la kulia. Nikasikia simu inahamishwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imepungua?"

"Imepungua. Baba, kuna kitu nataka usikilize. Usiseme kwanza."

Nikaweka simu moja mbele ya nyingine, nikawasha. Wimbo wenyewe ulikuwa dakika saba, na ule mkato wa kadi niliuona kama unatembea mwilini mwangu. Upande wa pili hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha nikangoja.

"Rudisha pale katikati," akasema.

Nikarudisha.

"Beringi imekwisha hiyo," akasema. "Ya upande wa kulia. Unasikia inavyolia ikianza kushuka? Hawajatia grisi wiki nzima hao."

"Baba, ni muziki. Watu wanacheza."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake mama alikuwa anauliza nasema nini.

"Waambie wazime," akasema baba, "itawakatia shafti. Fundi wa zamu hapo nani?"