Nilivyobadilisha vyuma vya usukani wa pikapu yangu nyumbani

Pikapu yangu ilianza kutangatanga barabarani. Hata pale njia iliponyooka ilibidi niwe narekebisha usukani kila wakati, kidogo kushoto, kidogo kulia, na magurudumu hayaitikii mpaka mkono uwe umekwenda kwanza. Nikishika breki, pua inavutwa upande. Tairi za mbele zilikuwa zimelika vibaya: nikipitisha kiganja juu ya kashata zake kuelekea ndani kinateleza, nikikirudisha kuelekea nje kinakwaruzwa na kingo kali. Tairi ikilika namna hiyo, maana yake inaburuzwa pembeni huku inabingirika.

Karibu kila niliyemweleza alitaja tairodi endi, yaani viungo vya mwisho vya fito (tairodi) zinazogeuza magurudumu ya mbele. Sikutaka kununua kwa kukisia. Usukani wa pikapu yenye boksi, yaani boksi la gia za usukani, una viungo vingi. Shafti inaingia kwenye boksi, boksi linageuza mkono wa pitimani, pitimani inasukuma rodi ya kati, na upande wa pili rodi hiyo imeshikiliwa na mkono wa aidla uliofungwa kwenye chasisi. Kutoka rodi ya kati ndipo tairodi zinapokwenda kila gurudumu, moja kulia, moja kushoto, kila moja ina kiungo cha ndani na cha nje. Kiungo kimoja kikilegea nusu milimita hutakisikia. Vikilegea vitatu, usukani unakuwa na uhuru wa ajabu. (Pikapu nyingi za siku hizi zina reki, yaani fito yenye meno, badala ya boksi, na mpangilio wake ni mwingine.)

Kipimo kilichonisaidia kuliko vyote hakihitaji kifaa. Gari likae chini, tairi zote zikanyage ardhi, injini imezimwa, handibreki juu, ufunguo uwe umefungua loki ya usukani. Nilimwomba mdogo wangu akae kwenye kiti auyumbeyumbishe usukani taratibu, huku na huku, bila kulazimisha tairi kugeuka. Mimi nikalala chini na tochi. Nilikuwa naangalia kiungo kimoja kimoja, kidole kikiwa kimegusa vipande viwili kwa pamoja, kwa sababu kidole kinahisi kile ambacho jicho linapitwa.

"Kaka, niendelee?"

"Endelea, polepole hivyohivyo."

Pitimani ilikuwa inasukuma rodi mara moja, bila kuchelewa. Tairodi endi ya nje ya kulia ilikuwa inacheza ndani ya kikombe chake, na ya kushoto mpira wake umepasuka, grisi imegeuka tope. Lakini kilichonishangaza ni aidla. Kila usukani ulipobadili upande, mkono wa aidla ulikuwa unapanda na kushuka kwanza, waziwazi, ndipo rodi inasogea. Ningebadilisha tairodi endi peke yake, gari lingeendelea kutangatanga, na tairi mpya zingelika kama za zamani.

Baada ya hapo nilinyanyua mbele kwa jeki, gari likakaa juu ya stendi, nikalitikisa kila gurudumu. Ukilishika kulia na kushoto, mchezo mara nyingi unatoka kwenye tairodi. Ukilishika juu na chini, shaka inaangukia boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu) au beringi. Juu na chini kulikuwa kumetulia. Kwa hiyo orodha yangu ikawa fupi: aidla moja, tairodi endi mbili za nje. Viungo vya ndani na pitimani nikaviacha, vilikuwa vizima.

Kuna jambo nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeliona kwenye magari ya watu. Juu ya boksi la usukani kuna skrubu yenye nati ya kuifungia. Ukiikaza, usukani uliolegea unaonekana umepona. Haujapona. Viungo vilivyokwisha bado vimekwisha, na sasa gia za ndani ya boksi zinasagana zikiwa zimebanwa. Usukani unaweza kukwama katikati na kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Skrubu ile ina kipimo chake na haiguswi kabla viungo vyote havijathibitishwa kuwa vizima.

Usalama sikuubania. Sakafu ngumu iliyo sawa, kabari nyuma na mbele ya tairi za nyuma, stendi mbili chini ya chasisi. Sikuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi.

Kabla ya kufungua chochote nilipima urefu wa kila tairodi, kutoka katikati ya kiungo cha ndani hadi katikati ya kile cha nje, nikaandika. Nilihesabu pia nyuzi zilizobaki nje. Endi mpya haifanani na ya zamani kwa milimita zote, kwa hiyo ule urefu wa katikati kwa katikati ndio wa kuaminika zaidi.

Mafuta ya kulegeza kutu nilipulizia jana yake na tena asubuhi. Nikachomoa spliti pini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, nikalegeza nati lakini nikaiacha imeshika nyuzi chache ili rodi isianguke ghafla. Sasa, mguu wa tairodi endi una umbo la kuchongoka na umejibana ndani ya tundu lake. Watu wengi hupiga ncha ya mguu kutoka chini, nyuzi zinaharibika na mguu unabaki palepale. Panapopigwa ni ubavuni, kwenye jicho la chuma lenyewe linaloushika mguu. Niliweka nyundo nzito upande mmoja na kupiga upande wa pili kwa nyingine. Mapigo machache ya nguvu, mguu ukaruka wenyewe. Kile chuma chenye meno mawili cha kuchokonolea kinafanya kazi, lakini kinachana mpira, hivyo kinafaa tu kwa kiungo kinachotupwa.

Aidla ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia: bolti za chasisi na mguu mmoja kwenye rodi ya kati. Yangu ina bushi ya mpira, na hiyo ina sharti lake. Inakazwa mwisho magurudumu yakiwa yameelekea mbele moja kwa moja. Ukiikaza yakiwa yamegeuka, mpira unabaki umejisokota na kuvuta usukani upande huo siku zote.

Matundu yote niliyafuta yakawa makavu, bila tone la mafuta, maana mguu uliochongoka unashika kwa ukavu. Mguu mmoja ulizunguka pamoja na nati. Nikauegemeza kwa jeki kutoka upande wa pili kwa nguvu kidogo tu, ukajibana, nati ikakaza. Nilitumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la pini lisipokutana na mkato wa nati, unakaza mbele hadi mkato unaofuata. Haulegezi kurudi nyuma. Pini ziwe mpya kila mara. Kisha grisi, taratibu, hadi mpira uanze kuvimba kidogo.

Klampu za bomba la kurekebishia niliziweka bolti zake zikiwa mbali na chasisi, nikageuza usukani mwisho hadi mwisho kuhakikisha hakuna kinachogusana na kingine. Gari likashushwa chini.

Uelekeo wa tairi niliupima kwa futi ya kamba. Alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, kwa kimo cha habu. Nikapima umbali kati ya alama. Tukasukuma gari mbele mpaka alama zilezile zikafika mbele kwa kimo kilekile, nikapima tena. Kitabu changu kinataka mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 2. Bomba lina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine, kwa hiyo klampu zikilegezwa, kulizungusha kunarefusha au kufupisha tairodi bila kufungua kiungo. Nilizungusha pande zote mbili kwa kiasi sawa ili usukani ubaki umekaa katikati.

Kipimo cha futi kinatosha kulifikisha gari kwenye mashine ya alaimenti bila kula tairi, na huko nilikwenda. Fundi alirekebisha kidogo sana. Usukani sasa unaitika mkono ukianza kusogea, na breki haivuti tena. Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi nilirudi chini na tochi, mdogo wangu akauyumbisha usukani tena, nikagusa nati moja moja kwa spana. Zote zilikuwa palepale. Tairi za mbele nilizisubirisha hadi baada ya ukaguzi huo, ndipo nikafunga mpya.