Jina la kazini

Kazini natumia jina lisilo langu. Wadaiwa wananijua kwa hilo, wananilaani kwa hilo, na nikivua hedifoni jioni namwachia mwenye jina matusi yake. Wengi wetu tunaodai madeni kwa simu tuna majina ya namna hiyo. Tunasema ni kwa ajili ya usalama. Ni kweli, ila si hilo tu.

Nikitaja kazi yangu, watu huuliza, "Unaiwezaje?" Mwaka 1999 watafiti Blake Ashforth na Glen Kreiner waliliweka swali hilohilo kwenye kichwa cha makala yao kuhusu kazi chafu. Walifuata nyayo za mwanasosholojia Everett Hughes: kuna uchafu wa mwili, wa kijamii na wa kimaadili. Mzoa taka yumo katika wa kwanza. Watu humkwepa njiani, lakini hakuna anayemwita mwovu. Sisi tumo kwenye wa tatu, pamoja na wacheza uchi na waandishi wa udaku.

Wanasema tunajitetea kwa maelezo, na hapo wametusoma vizuri. Msimamizi wetu huwaambia waajiriwa wapya kwamba hatumsumbui mtu, tunamsaidia kutua mzigo. (Sijasikia mdaiwa akilisema hilo.) Wengine kazi hawaizungumzii kabisa, wanazungumzia ada ya mtoto. Hao nawaelewa zaidi, maana ada haihitaji niiamini.

Ninachokitilia shaka ni ule utetezi wa kumtafuta aliye chini yetu. Wakati wa mapumziko utasikia: angalau sisi hatugongi milango, hatubebi televisheni ya mtu mbele ya wanawe. Nimewahi kuongea na mgonga milango mmoja. Kwake yeye waoga ni sisi, tunaomtisha mtu bila kumwona uso.

Mimi najivunia sikio langu. Mtu akisema "nitalipa mwisho wa mwezi", mara nyingi najua kama anakwepa au hana kitu kabisa. Anayekwepa huanza ugomvi. Asiye nacho hukubali tarehe yoyote ninayomtajia, haraka haraka, ili simu iishe. Huyo namwandalia mpango wa kulipa kidogo kidogo, na wakati mwingine tunaagana kwa asante. Sikio hilohilo hunijulisha ni nani nikimbana zaidi atakwenda kukopa kwingine anilipe, na kamisheni yangu hutoka hapo pia.