Nilivyopata pasipoti nikiwa na majina matatu kwenye vyeti

Dada yangu aliponipigia simu kutoka Muscat, Oman, alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na ilikuwa inamsumbua sana. Mumewe anashinda kazini, majirani hawaelewani naye lugha, na mama yetu magoti hayamruhusu tena hata kupanda daladala. "Njoo ukae nami mpaka nitoke arobaini," akaniambia. Kwetu Tanga ombi la namna hiyo halina majibu mawili. Nikamwambia nakuja. Simu ilipokatika ndipo nikakumbuka kwamba sina pasipoti, wala sijawahi kushika ya mtu.

Ilikuwa mwaka 2022. Nilichokuwa nakiogopa ni ofisi: foleni, maswali, njoo kesho. Kumbe kazi kubwa ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki iliyolala miaka mingi chini ya godoro la mama.

Jioni ile nilivitandaza vyeti vyangu vyote mkekani. Cheti cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1991, kilisema Hadija Ramadhani Mbwana. Cheti cha kidato cha nne kilisema Khadija Ramadhan Bakari. Kitambulisho cha Taifa kilisema Khadija Ramadhani Bakari. Wote hao ni mimi. Babu yetu alikuwa Bakari, lakini kijiji kizima kilimwita Mbwana, na marehemu baba alipokwenda kuniandikisha akataja jina ambalo kila mtu analijua. Shuleni mwalimu akauliza jina la babu, mama akasema Bakari. Hakuna aliyedanganya. Lakini karatasi hazijui kwamba Mbwana na Bakari ni mzee mmoja.

Nawasihi wote wanaotaka pasipoti: fanyeni hivi kabla ya kufungua fomu. Tandaza vyeti, soma herufi kwa herufi, hesabu hata hiyo "i" ya mwisho wa Ramadhani. Watu wengi wa kwetu tuna Hadija na Khadija, Saidi na Said, Mwanahamisi na Mwanahamis, na tumeishi nazo bila shida kwa sababu duniani huku tunaitana kwa sauti. Fomu ya pasipoti inaanzia kwenye namba ya NIDA, yaani ya Kitambulisho cha Taifa, na cheti cha kuzaliwa kinawekwa pembeni yake. Vikitofautiana, utaulizwa ni nani.

Mimi sikufanya hivyo kwa utaratibu huo. Nilikuwa na haraka, mimba haimsubiri mtu. Nikaenda steshenari moja, nikamkabidhi kijana vyeti vyangu anijazie fomu mtandaoni. Alikuwa na wateja wengine watatu mgongoni. Akaweka barua pepe yake kwa sababu mimi sikuwa nayo, akachapa, akaniuliza "Sawa, dada?" nikaitikia sawa bila kusoma. Nikapewa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, nikalipa elfu ishirini ya fomu kwa simu. Nilipoichapisha na kuisoma nyumbani nikaona jina la babu limekaa mahali pa jina langu, na tarehe ya kuzaliwa ya baba ni ya kubuni kabisa. Ilinibidi kuanza fomu upya na kulipa elfu ishirini nyingine. Hiyo haikuwa hasara ndogo kwangu. Nauza vitenge sokoni Ngamiani, na elfu ishirini ni faida ya siku mbili nzuri.

Mara ya pili nilifungua barua pepe yangu mwenyewe kwanza. Taarifa za ombi lako zinapita humo, kwa hiyo usikubali ziende kwa mtu ambaye kesho hutamwona. Nikakaa karibu na kioo cha kompyuta, nikawa namtajia kijana kila neno, na kabla ya kubonyeza kutuma nikasoma yote kwa sauti kuanzia mwanzo. Aliona namchelewesha. Nikamwomba radhi, nikaendelea kusoma.

Lakini fomu hiyo ya pili niliijaza baada ya kumaliza suala la jina. Nilikwenda kwa wakili, mama mtu mzima anayejua kusikiliza, nikamweleza habari za Mbwana na Bakari. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, katika maisha yako unatumia jina lipi?" Nikamwambia la kitambulisho, ndilo lililoko benki, kwenye laini ya simu, kwenye kadi ya kura. Akanieleza kwamba kama kosa ni la aliyeandika cheti, njia ni kurekebisha cheti chenyewe, na vyeti vya kuzaliwa huku Bara ni kazi ya RITA. Lakini kama mtu amekulia kwenye jina jingine, kama mimi, inaandikwa hati ya kubadili jina: unataja majina yote uliyowahi kuandikwa, unaliacha la zamani, unalishika moja. Tena akasisitiza hati hiyo isiishie kwenye muhuri wake, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Nilishasikia watu wakisema kiapo cha wakili kinatosha, nami ningeishia hapo kama nisingeuliza. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki mbili, na fedha yake ilizidi ya fomu zote mbili. Siijutii hata kidogo.

Mahali pa kuzaliwa napo palikuwa na kisa chake. Nimezaliwa Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya. Cheti changu kinasema Wilaya ya Muheza, kitambulisho kinasema Mkinga. Vyote ni kweli: Mkinga ilimegwa kutoka Muheza baada ya mimi kuzaliwa. Nilitaka kuandika Mkinga kwa sababu ndiyo inayojulikana leo, wakili akanizuia. Andika kama cheti kilivyoandika, akasema, na ukiulizwa eleza wilaya iligawanywa. Kuna wenzetu wengi wa mikoa iliyogawanywa, waliozaliwa Shinyanga ambayo leo ni Simiyu, au Iringa ambayo leo ni Njombe. Usiihamishe wilaya kwa mkono wako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilininyima usingizi.

Ombi la pasipoti linataka pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja, au hati ya kiapo badala yake. Zamani sikuelewa kwa nini waulize habari za mzazi wakati msafiri ni mimi. Sababu ni uraia. Kwa Uhamiaji, kuzaliwa ndani ya Tanzania peke yake hakutoshi. Wanaangalia kama baba au mama yako alikuwa raia ulipozaliwa. Baba amefariki. Mama yu hai, ninaishi naye, ilikuwa rahisi yeye aape. Tatizo ni kwamba mama amezaliwa Vanga, upande wa pili. Wadigo tuko huku na huku; mpaka wa Horohoro umepita katikati ya wajomba na wapwa, na harusi zetu hazijawahi kuuliza mpaka.

Kuna kishoka mmoja, dalali wa mitaani, alinisikia nikilalamika nje ya steshenari. Akaniambia kwa laki tatu anamaliza kila kitu, na kwa mama "tunaandika tu kazaliwa Moa, nani atajua?" Nilirudi nyumbani nikiwa nalifikiria. Sitaficha, nililifikiria usiku mzima, kwa sababu dada alikuwa ameingia mwezi wa sita na mimi sina hata fomu.

Asubuhi nikampigia shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyebaki Moa. Nilimwamkia, nikamweleza. Alinyamaza kidogo halafu akasema: "Mama yako alikuja hapa bibi harusi kwa mashua kutoka Vanga, nami nilikuwa ufukweni kumpokea. Usimzushie mwenzio kwao." Kisha akaniuliza kwa nini namhangaikia mama wakati baba kazaliwa pale pale Moa, na yeye shangazi ndiye aliyembeba mgongoni.

Sikuwa nimefikiri kwamba mtu mwingine anaweza kuapa kwa ajili ya marehemu. Wakili akathibitisha: ndugu mkubwa anayejua kuzaliwa kwake anaweza kuapa, mradi aseme anachojua na amekijuaje. Shangazi akaja mjini kwa basi la alfajiri, kavaa kanga yake mpya, akaeleza mwaka, kijiji, majina ya wazazi wake. Tukaambatisha cheti cha kifo cha baba na kitambulisho chake cha zamani cha kazi kutoka shamba la mkonge. Mahali pa kuzaliwa mama kwenye fomu nikaandika Vanga, Kenya, kama ilivyo. Tangu hapo nimesoma kwamba Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002 inahesabu maelezo ya uongo kuwa kosa la jinai. Namshukuru Mungu shangazi aliniwahi.

Picha nilipiga mara mbili. Inatakiwa mandhari ya bluu bahari, nami nilikwenda na ushungi wa bluu hiyo hiyo. Kichwa kikayeyuka ukutani, ukabaki uso peke yake. Wanawake wenzangu tunaojitanda, vaeni rangi inayoonekana, na uso wote uwe wazi kuanzia kipaji hadi kidevu.

Ushahidi wa safari ulikuwa barua ya mwaliko ya dada, nakala ya pasipoti yake na ya kitambulisho chake cha ukaazi wa Oman. Hapo napo ilibidi arudie barua, maana ya kwanza aliniita kwa jina la utotoni.

Siku ya kupeleka fomu ofisi ya Uhamiaji nilibeba vyeti halisi, nakala zake, na hati ya jina juu kabisa. Afisa aliyenihoji alikuwa mtulivu. Aliuliza nilisoma wapi, baba alifanya kazi gani, nakwenda kumfanyia nini dada, nitarudi lini. Alipofika kwa mama akainua macho: "Mama ni wa Vanga?" Nikamjibu, "Ndiyo afande, aliolewa Moa, na baba ni wa Moa." Nikamwonyesha kiapo cha shangazi. Akakisoma chote. Aliuliza pia kuhusu Muheza na Mkinga, nikamweleza, akaandika pembeni. Nilitoka jasho viganjani mpaka mashine ya alama za vidole ikanikataa mara ya kwanza, nikajifuta kwa ushungi. Maoni yangu ni kwamba maswali hayamwumizi mtu ambaye karatasi zake zinasema anachosema mdomoni. Ningekuwa nimeandika uongo wa yule kishoka, swali lile la Vanga lingenikuta sina pa kusimama.

Baada ya hapo nikalipa ile ada iliyobaki, 130,000, hivyo jumla halali mwaka ule ilikuwa 150,000. Pesa hiyo inalipwa kwa kontro namba; haipiti mkononi mwa mtu. Wiki ya tatu nikaitwa kuichukua. Kabla sijatoka mlangoni nikaifungua nikasoma jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, jinsia. Kila kitu kilikuwa sawa. Ukiona kosa, sema ukiwa hapo hapo. Na tiketi ya ndege nikakata nikiwa na pasipoti mkononi, jina likiandikwa kutoka humo, si kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu.

Nilifika Muscat dada akiwa amebakiza wiki tatu. Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa jina la babu yake. Siku shemeji alipokuwa anajiandaa kwenda kumwandikisha, nilichukua kipande cha karatasi nikaandika Ramadhani, kwa herufi kubwa, na "i" mwishoni, kama ilivyo kwenye cheti cha kifo cha baba. Nikamtilia mfukoni mwa shati.