Kitafunio cha saa tisa usiku

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Leicester, Uingereza. Njaa yangu huuma saa tisa, wazee wakishalala na korido imenyamaza. Kwa miaka mingi saa hiyo ilikuwa ya chai ya maziwa na mandazi matatu, niliyoyapika mwenyewe Jumapili, yenye iliki na tui la nazi kama ya nyumbani Tanga. Nilipoambiwa nina kisukari cha aina ya pili na kuanzishiwa vidonge vya metformin, niliacha sukari kwenye chai. Mandazi sikuyaacha. Akilini mwangu sukari ilikuwa ile ya kwenye kopo.

Usiku mmoja nikapima sukari ya damu. Kabla ya kula, 7.1 kwa kipimo cha mmol/L. Saa mbili baadaye, 13.4, na mimi nilishaelezwa kwamba muda huo isizidi 8.5. Nililia, nasema kweli. Unga mweupe ni wanga mtupu, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari upesi.

Nikakimbilia biskuti za dukani zilizoandikwa hazina sukari. Wenzangu, geuzeni pakiti msome nyuma! Mstari wa sukari unaweza kuonyesha karibu na sifuri, huku wa juu yake, wa wanga, ukionyesha zaidi ya nusu ya uzito wa biskuti. Na utamu wake mara nyingi ni maltitoli, kiungo cha utamu kinachowekwa badala ya sukari, ambayo nayo hupandisha sukari kiasi, na ukizidisha inakuharisha. Bei yake pia ni kubwa bure.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyakula. Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia mji huu, ndiyo maana hapa hata pakiti za muhogo zimeandikwa "mogo". Nilikuwa nimeshika krispi za huo muhogo. Akaniangalia, akauliza kwa Kiswahili:

"Mama, una sukari?"

"Ninayo, mzee."

"Hata mimi, mwaka wa ishirini huu. Rudisha hiyo. Chukua dengu."

Ni dengu kavu zilizokaangwa bila mafuta, za manjano, ganda linabanduka ukizisugua kiganjani. Ngumu, huwezi kuzila kwa haraka. Wanga zinao, lakini umeshikana na protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari inapanda polepole. Sasa nabeba konzi moja tu kwenye kikopo, kama gramu 30. Siku nyingine karanga zisizo na chumvi, maana presha ninayo pia, au yai la kuchemsha na tango. Chai ni ya tangawizi, bila maziwa wala sukari. Nilipopima baada ya dengu nilikuta 8.2. Mwili wako utasema lake, basi pima wewe mwenyewe. Tende nazipenda mno, ila moja kubwa ya Medjool ina karibu gramu 16 za sukari, kwa hiyo nala moja na karanga chache, nafunga boksi.

Jambo moja linanikosesha usingizi. Mama mdogo yuko Tanga, anachoma insulini, na nilipomsimulia haya kwenye simu akasema naye atatembea na karanga. Nikamwambia hapana, mama, karanga ni za njaa. Sukari ikishuka chini ya 4, ukianza kutetemeka na jasho la baridi, mafuta ya karanga yanachelewesha sukari kupanda. Hapo unataka sukari yenyewe, kama gramu 15, upime tena baada ya dakika 15. Vivyo hivyo kwa anayemeza gliklazidi, vidonge vya kisukari ambavyo navyo vinaweza kushusha sukari mno.

Jana akanipigia kwa video kunionyesha. Vijiko vinne vya chai vya sukari, kwenye kikaratasi cha nailoni, kimefungwa kwenye pindo la khanga, pale alipokuwa akifunga hela zake za sokoni.