Miaka 39 na bado naitwa "binti": mwili mdogo na mambo yake

Mimi ni mfupi, sentimita 150 tu, na mwembamba, nina miaka 39 na watoto wawili, mkubwa keshanipita urefu, tukiongozana watu wanadhani ni dada na kaka. Wengi wanakwambia "hongera, wewe huzeeki", sawa, inapendeza kusikia, ila kazini ni balaa, mteja anaingia anaangaza macho juu ya kichwa chako anauliza "binti, bosi yupo?" na bosi ndo wewe.

Nilivyokuja kuona, mtu akiwa mbali anasoma umbo kabla ya sura, kaona mwili mdogo keshaamua huyu mwanafunzi. Ila ngozi haijui kama wewe mfupi jamani, kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi, inapungua kama kwa mwingine yeyote na jua linachoma vilevile. Tena wembamba una kisirani chake, mafuta ya mashavuni ndo yanafanya uso uonekane mchanga, sasa sisi wembamba hatuna akiba, niliwahi kuumwa nikapungua kidogo tu basi mashavu yakaingia ndani na mistari ya mdomoni ikajitokeza, kwa nyuma kigoli, nikigeuka mtu anashtuka.

Viatu vya kuchuchumia sishauri, vinakuongezea urefu lakini mwili unabaki uleule, na mwendo ukiyumba unaonekana mtoto aliyevaa viatu vya mamake. Kilichonisaidia mimi ni bega. Nguo nyingi za dukani zimekatwa kwa mtu mrefu, koti unalivaa mshono wa bega unaangukia huku chini mkononi, mikono inafunika vidole, hapo hata uwe na mvi utaonekana umeazima. Kwa hiyo nikinunua koti naangalia bega kwanza, likikaa pale mfupa unapoishia nalichukua, mengine fundi atamaliza, maana kupunguza mikono na pindo ni kazi ndogo ila bega lazima afumue mkono mzima na asipokuwa mzoefu anakuharibia. Nguo za watoto nazo zinanitosha kabisa na bei yake nzuri, nachukua za nyumbani tu, kola zile za mviringo na vipepeo vya shingoni siendi navyo kwenye kikao.

Halafu kuongea. Mteja akiingia sisubiri aulize, nasimama namsalimia nataja jina na cheo hapohapo, sauti ya kawaida, sentensi naimaliza chini sio kuipandisha mwishoni kama naomba ruhusa. Hii imenisaidia kuliko mekapu yoyote, mekapu nzito ndo kabisa, inakufanya uonekane mtoto aliyejipaka.

Njiani mtu akiniita "mwanangu" na namuona kabisa nimemzidi miaka, naitika, sina nguvu za kubishana. Ila ofisini akiuliza mwenye ofisi yuko wapi namvutia kiti, "ndo mimi, karibu ukae", tunaendelea na kilichomleta.