Sahani 31 tupu: nilivyofanikiwa kuotesha bakteria wa vidonda vya tumbo

Kwa miezi saba kazi yangu kubwa maabara ilikuwa kutupa sahani. Nasugua kipande cha nyama ya ukuta wa tumbo juu ya agari ya damu, rojo la kuoteshea bakteria, nafungia sahani kwenye mtungi, nasubiri, nafungua, hamna kitu. Au kuna kitu, lakini siye niliyemtafuta: ukungu, au bakteria wa mdomoni waliopata lifti kwenye endoskopu, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Sahani inaingia kwenye mfuko wa otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nami naandika daftarini: "Hakuna kilichoota." Mstari kama huo niliuandika mara 31. Ukiangalia mwandiko wa mstari wa kwanza na wa 31, utadhani ni wa watu wawili.

Niliyekuwa namtafuta ni Helicobacter pylori, bakteria mwenye umbo la parafujo anayeishi tumboni, kwenye ute, pale ambapo asidi ingetosha kumuua karibu kila kiumbe kingine. Anaponea kwa kimeng'enya chake, yurease, kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia inapunguza ukali wa asidi inayomzunguka. Anaambukizwa mara nyingi utotoni, ndani ya familia, kisha anakaa na mtu maisha yake yote asipotibiwa. Wengi hawajui kama wanaye. Kwa wengine analeta vidonda, na kwa wachache, baada ya miongo ya uvimbe usiopoa, saratani ya tumbo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Sasa huyu ni ugonjwa wa kuambukiza au ugonjwa sugu? Ni vyote viwili, na hilo nusura liue utafiti wangu kabla haujaanza. Dawati la mfadhili mmoja linaloshughulikia magonjwa ya kuambukiza liliniambia vidonda na saratani ni vya dawati la pili. Dawati la pili likasoma neno "bakteria" likanirudisha la kwanza. Nilizungushwa karibu mwaka mzima, na mpaka leo nikiona fomu inayodai niweke alama kwenye kisanduku kimoja tu, "yanayoambukiza" au "yasiyoambukiza", damu inanichemka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaleta saratani ya ini. Virusi vya HPV vinaleta saratani ya mlango wa kizazi. Koo lililowahi kuvamiwa na bakteria wa streptokoka na lisitibiwe linaweza kumwachia mtoto moyo mbovu wa kudumu. Hao tuwaweke kisanduku gani?

Pesa zilipopatikana, swali langu lilikuwa dogo: kwa nini baadhi ya wagonjwa wanamaliza dawa zote kama walivyoelekezwa, na bakteria bado yupo? Ningeweza kutafuta tu mabadiliko ya vinasaba moja kwa moja kwenye nyama kwa PCR, kipimo kinachonakili vinasaba ili vionekane, na wenzangu kadhaa walinishauri hivyo. Lakini PCR inakujibu lile tu ulilouliza. Nilitaka bakteria hai mkononi, nimjaribu kwa kila dawa, nimgandishe, nimrudie baada ya miaka mitano nikiwa na swali lingine.

Kila anayeshindwa kumwotesha bakteria huyu hujiliwaza kwa kisa cha Perth, Australia. Robin Warren, mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini, alimwona kwenye vipande vya tumbo mwaka 1979. Barry Marshall akajiunga naye, wakajaribu kumwotesha, sampuli baada ya sampuli, bila mafanikio, kwa sababu maabara ilikuwa inatupa sahani baada ya siku mbili kama ilivyozoea kwa bakteria wengine. Pasaka ya 1982 zikasahaulika kwenye inkubeta siku za mapumziko, na waliporudi walikuta koloni, vitone vya bakteria walioota. Mgonjwa alikuwa wa 35. (Kisa cha Marshall kunywa bakteria mwaka 1984 watu hukikosea: hakupata kidonda. Alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo. Vilevile ilitosha, na mwaka 2005 walipewa Nobeli.) Mimi nilipofika 31 nilijiambia bado nina nafasi nne.

Kwenye kisa hicho nilichukua funzo lisilo langu. Nilidhani tatizo ni subira, nikaongeza siku kutoka saba hadi kumi, halafu kumi na mbili. Nilichopata ni agari kavu iliyopasuka kama tope la kiangazi. Na kibaya zaidi, kwa kuwa sina subira hasa, kila siku mbili nilikuwa nafungua mtungi kuchungulia. Bakteria huyu anataka oksijeni kidogo, kiasi cha asilimia tano, wakati hewa tunayovuta ina asilimia 21. Kila nilipochungulia nilikuwa namwagia hewa inayomdhuru.

Mzee mmoja wa maabara, aliyekuwa ametumia nusu ya maisha yake akipika agari, ndiye aliyenitoa kwenye kubahatisha. Aliniambia, "Daktari, wewe unabadilisha vitu vitatu kwa mara moja, halafu unataka kujua kipi kimekosea. Mlete bakteria unayejua yu hai, umpitishe njia ileile." Kweli tupu, na nilipaswa kujua. Niliazima bakteria wa kulinganishia, jamii ya rejea iitwayo NCTC 11637, inayotumika maabara nyingi. Nikaiotesha kwenye agari yangu ileile ya Columbia yenye damu ya farasi, dawa zilezile za kuzuia bakteria wengine, mtungi uleule, paketi zilezile za gesi za kupunguza oksijeni, nyuzi 37. Sikufungua mtungi. Siku ya nne koloni zimejaa.

Basi maabara haikuwa na kosa. Bakteria walikuwa wananifikia wakiwa maiti.

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo ningefanya wiki ya kwanza kama si kiburi cha kudhani sampuli inaanzia mezani kwangu. Niliomba ruhusa nikaenda kukaa kwenye chumba cha endoskopia, nikavaa gauni, nikasimama pembeni nisimkwaze mtu, nikatazama.

Daktari anapitisha endoskopu, na ndani yake anapitisha koleo jembamba refu lenye meno madogo mwishoni. Linang'ata kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele. Linavutwa nje. Sista anashika kichupa cha formalini, koleo linazamishwa ndani, linafunguliwa, linatikiswa, kipande kinadondoka. Koleo linarudi tumboni. Mara tano hivyo, vipande vitano vya patholojia, na kila mara koleo linaogeshwa formalini, dawa ambayo kazi yake ni kuua kila kilicho hai na kukihifadhi kisioze. Kisha, kwa uungwana kabisa, "Hiki cha sita ni cha yule mtafiti," na kipande changu kinadondoshwa kwenye kichupa cha maji ya chumvi, kikiwa kimeng'atwa na meno yanayochuruzika formalini. Kichupa kikawekwa mezani karibu na taa. Nikatazama saa. Msafirishaji alikuja baada ya masaa manne na dakika kumi.

Nilisubiri wagonjwa wamalize, nikamfuata sista. "Sista, naomba cha kwangu kitangulie, kabla koleo halijagusa formalini. Inawezekana?"

Akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, miezi yote hii ulikuwa unashindwa kusema hivyo tu?"

Kuanzia wiki iliyofuata tulibadilisha utaratibu. Kipande changu kilikuwa cha kwanza, na kingine cha pili kutoka sehemu ya juu ya tumbo, maana bakteria hawasambai sawasawa na waliotumia dawa za kupunguza asidi mara nyingi huwa wamepandia huko. Hakuna tena kutikisa koleo: sista alikuwa ananyanyua kipande kwa ncha ya sindano tasa. Kilienda kwenye brothi, mchuzi wa kulishia bakteria, si maji ya chumvi, na kichupa kikakaa kwenye barafu. Msafirishaji akawa mimi mwenyewe. Nilijiwekea masaa mawili kutoka tumboni hadi kwenye agari, na agari iwe mbichi, bado na unyevu.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, nalo ni wagonjwa wenyewe. Nilipopitia upya fomu za ile 31, wengi walikuwa wanameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, au nduguze hadi asubuhi ya kipimo. Dawa hizi haziponyi maambukizi ila zinawapunguza bakteria kiasi kwamba kipimo kinaweza kusema hawapo. Zinatakiwa ziachwe wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne. Lakini kumwambia mtu mwenye kidonda kinachomuunguza aache dawa wiki mbili kwa faida ya utafiti wangu, hilo sikulikubali, na daktari wake wala hakunipa nafasi ya kuliuliza. Tuliwachukua tu wale ambao daktari alikuwa ameshaona wanaweza kuacha kwa usalama, na ambao walisoma fomu ya ridhaa wakaielewa. Sampuli zikapungua. Sawa.

Ya 34 haikuota. Ya 35 ndiyo iliyoota, na najua inavyosikika. Nimeacha kuwasimulia watu namba hiyo kwa sababu hawaniamini.

Ilikuwa siku ya sita. Mwanzoni sikuona kitu, nikawa naelekea kwenye mfuko wa otoklevu kwa mazoea. Nilipoinamisha sahani chini ya taa ndipo nikaona umande: vitone vidogo sana, vya kioo, visivyo na rangi, havifiki hata milimita moja na nusu. Ukiitazama sahani kutoka juu huvioni. Nilichota kimoja kwa kitanzi, nikakizamisha kwenye brothi ya urea ya manjano. Kabla sijahesabu hadi ishirini ilikuwa imegeuka waridi: yurease ipo. Vipimo viwili vingine vya kumtambua: katalasi chanya, oksidasi chanya. Chini ya hadubini, kwenye tone la maji, walikuwa wanajizungusha na kupenya kama wanaotoboa mbao. Nilimwita mzee wa agari. Akaweka jicho, akakaa kimya, akasema, "Wamechangamka," akarudi kwenye chungu chake.

Nikampoteza bakteria huyo. Ndiyo, yuleyule. Nilifurahi mno hata nikamwacha kwenye sahani wiki nyingine nikiwaonyesha wageni, na nilipomrudia nilikuta bakteria wote wameviringika kuwa duara. Akizeeka au akibanwa na mazingira hugeuka hivyo, na akishafika hapo humwoteshi tena. Tangu siku hiyo koloni ikionekana tu naihamishia sahani mpya ndani ya siku tatu, na siku hiyohiyo chupa mbili zenye gliseroli zinaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye friza mbili tofauti. Kukosa umeme sikukusubiri kunifundishe la pili.

Kati ya waliofuata alikuwemo bakteria wa mama aliyeshatibiwa mara mbili kwa mchanganyiko wenye antibiotiki mbili, klarithromaisini na amoksilini. Alikuwa ameambiwa na jamaa zake kwamba ni mawazo yanamsumbua. Niliweka ukanda wa klarithromaisini katikati ya sahani, ule wenye dawa inayopanda kutoka hafifu hadi kali. Kwa bakteria anayeisikia dawa, unaona eneo tupu lenye umbo la yai kuuzunguka ukanda. Kwake hapakuwa na yai. Walikuwa wameota hadi wameugusa ukanda, mwanzo hadi mwisho. Kwenye jeni yake ya 23S, inayohusika na sehemu ambayo dawa hii hujishikiza, nafasi ya 2143, A ilikuwa imekuwa G: herufi moja, na dawa haina tena pa kushika. Wahenga walilisema la sikio la kufa. Hili lilikuwa zima kabisa, na bado halikusikia. Hakuwa amekosea kumeza. Dawa za jamii hiyo hutumika sana kwa maambukizi ya kifua, na kila kozi inayopita mwilini inampitia na huyu aliyejificha tumboni.

Nilimpa daktari wake majibu, naye akampa mchanganyiko usio na klarithromaisini: bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na dawa ya asidi, siku 14. Baada ya muda unaotakiwa akapimwa pumzi, kuona kama bakteria bado yupo. Hakuna bakteria. Alinitumia salamu kupitia kwa sista, na salamu zenyewe zilikuwa ndefu kuliko ripoti yangu.

Siku hizi, pale ambapo patholojia inasema bakteria wapo, nami nawapata mara nne katika tano. Hiyo mara ya tano bado inaniudhi. Sahani ikitoka tupu, kabla sijaandika chochote daftarini, nampigia simu: "Sista, samahani, ya jana cha kwangu kilitangulia?" Na yeye, bila kusalimia: "Kilitangulia, mwanangu. Kaangalie mtungi wako."