Hasira Yangu na Sukari Yangu

Jumapili, usiku

Leo mchana nilimkaripia binti yangu mkubwa kwa ajili ya sufuria. Alikuwa ameiloweka kwenye beseni tangu asubuhi akikusudia kuiosha baadaye, jambo ambalo siku nyingine nisingelitilia maanani hata kidogo, lakini nilipoikuta pale nilihisi kama nimetukanwa mbele za watu, na maneno yaliyonitoka yalikuwa makali kiasi kwamba mtoto aliacha alichokuwa akifanya akasimama kunitazama, si usoni bali mikononi. Vidole vyangu vilikuwa vikitetemeka. Kanga ilikuwa imelowa jasho mgongoni ilhali upepo wa bahari ulikuwa ukiingia dirishani. Akasema kwa sauti ya chini, “Mama, njoo ukae,” akaniletea glukomita, kile kimashine cha kupimia sukari ya damu. Nilijichoma pembeni ya ncha ya kidole, tone la damu likagusa kijiti, na baada ya sekunde chache nikasoma milimoli 3.2 kwa lita.

Alinikorogea vijiko vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji, nami nikanywa huku bado nimekasirika. Kila mara jambo hili hunishangaza: nilikwisha kujua kwamba sukari imeshuka, lakini hasira haikuondoka kwa kujua kwangu, ilisubiri sukari ipande. Baada ya dakika 15 nilipima tena nikakuta 4.6, na moyo ukatulia.

Nina kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa 11 sasa, na miaka minne ya mwisho nimekuwa nikijichoma insulini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Muuguzi wa kliniki ninayohudhuria hapa Tanga ndiye aliyenieleza jambo hili kwa utulivu, bila haraka. Sukari inaposhuka chini ya 4, mwili humwaga adrenalini ili ini litoe sukari lililoiweka akiba, na adrenalini hiyo ndiyo ile ile inayomjia mtu aliyekanyaga nyoka gizani: moyo hudunda, jasho hutoka, mikono hutetemeka, na ubongo, ambao nao umepungukiwa na chakula chake, hutafuta karibu mtu wa kumlaumu. Tena njia hiyo hupitika pande zote mbili, kwa maana hofu na majonzi navyo huliamsha ini hata kama hakuna aliyeliita. Wiki ambayo marehemu mama yangu alilazwa sikuwa nikishika chakula cha maana, na bado alfajiri moja nilisoma 14.8 kabla sijatia kitu kinywani.

Tarakimu hiyo niliificha. Katika kituo nilichokuwa nikihudhuria wakati huo, kila sukari ilipokuwa juu niliulizwa mbele ya foleni nzima, “Umekula nini tena?” na sikuwa na ujasiri wa kujibu kwamba nilichokula ni wasiwasi. Nikaanza kuandika katika daftari langu 7.1, 6.8, 7.4, tarakimu za mgonjwa mtiifu, na nikafikia hatua ya kubadilisha kalamu kila baada ya siku mbili tatu ili zisionekane kuwa zimeandikwa kwa kikao kimoja. Lakini kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakisomi daftari, husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na changu kilitoka asilimia 10.2, juu mno. Nilirudi nyumbani nikijiona mwizi, na kwa siku tatu sikupima kabisa, kwa kuwa nilichokuwa nikikiogopa hakikuwa tena sukari, bali kuhukumiwa. Ninaandika haya kwa sababu ninaamini wapo wenye daftari kama lile langu, nami ningependa wajue kwamba wa kuponywa kwanza pale ni ile aibu.

Watu wanaonipenda huniambia, “Shukuru Mungu, wengine wana makubwa zaidi.” Ninashukuru kweli. Ninajua kwamba kabla ya Januari 1922, pale Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipochomwa insulini katika hospitali ya Toronto, mtoto aliyepata kisukari alikuwa akitazamwa tu akiisha, na kwamba mvulana yule aliishi miaka mingine 13. Kila ninapotoa kichupa changu kwenye friji ninakumbuka hilo. Hata hivyo shukrani haiondoi uchovu wa ugonjwa usio na siku ya mapumziko, na nilifarijika sana muuguzi aliponieleza kwamba uchovu huo umekwisha kuchunguzwa: mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake huko Marekani walichapisha hojaji ya maswali 24 yanayomuuliza mgonjwa kuhusu hofu, hatia, hasira na upweke unaotokana na kisukari chenyewe. Mimi ningeongeza swali la 25, kuhusu mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima inapoamka kula daku nami nikabaki kitandani nikisikia vijiko, kwa sababu daktari amenizuia kufunga. Ninatoa fidia, kibaba kwa kila siku, na ninajua kwamba dini imenipa ruhusa. Lakini kilio cha saa kumi usiku hakijui ruhusa.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo sikulitarajia. Tangu familia yangu ijifunze kwamba sukari hubadilisha hali yangu, kila ninapokasirika huambiwa nipime. Mwaka jana mume wangu alimkopesha ndugu yake pesa tulizokuwa tumeziweka kwenye mkebe kwa ajili ya vijiti vya mwezi mzima, bila kuniambia. Nilipomuuliza sauti ilipanda, naye akasema kwa upole, “Mke wangu, pima kwanza.” Nilipima: 6.4. Nikaiweka glukomita mezani ikimwelekea yeye, na tukakaa kimya kwa muda mrefu. Sukari ilikuwa sawa. Hasira ilikuwa yangu, na ilikuwa ya haki.

Tangu siku ile tumewekeana sharti nyumbani. Nikiombwa kupima nitapima bila kununa, kwani anayeniomba huenda ameona jasho nisiloliona mimi. Lakini aliyeomba hana budi kurudi, sukari ikishakaa vizuri, akae anisikilize, tarakimu iwe imesema nini. Naona hilo limetusaidia kuliko mawaidha yote niliyopewa kuhusu kutuliza nafsi, kwa sababu mtu ambaye kila uchungu wake huhesabiwa kuwa dalili hufika mahali akaacha kusema.

Leo baada ya magharibi binti yangu alikuja akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu. “Mama, sukari imerudi,” alisema. “Sasa sema la sufuria.” Nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi na nilidhani hakuna lililobaki, lakini nilipofungua kinywa nikajikuta nikimwambia kwamba mwezi ujao anakwenda chuoni Dodoma, na kwamba usiku huwa ninalala nikiwaza ni nani atakayenitazama mikono baba yake akiwa zamu ya usiku na sukari ikashuka. Hakunijibu kwa haraka. Kisha akamwita mdogo wake, ambaye ana miaka 12, akamkalisha kati yetu, akafungua kopo la vijiti na kumwonyesha jinsi ya kuchomoa kimoja na kufunika upesi ili vilivyobaki visiingie unyevu. Mara ya kwanza tone lilikuwa dogo, mashine ikakataa. Mara ya pili mtoto aliniminya kidole kwa uangalifu mkubwa huku ameuma mdomo, akasoma kwa sauti: “Saba nukta tisa. Mama, hiyo ni nzuri au mbaya?”